Kinyago Kisicho na Pembe

Ralitsa ni mke wa mwanangu Ognyan. Alitoka Vidin, huko kwenye mto mkubwa, na alipoingia nyumbani kwangu hakujua kukanda unga wala kukamua mbuzi. Sikumficha, nilimwambia siku hiyo hiyo. Akanijibu, "Mama, nitajifunza kimoja. Chagua." Nikachagua mbuzi. Mpaka leo mkate naukanda mimi.

Kazi yake ni picha. Zamani alikuwa akichora kwa mkono wahusika wa michezo ya watoto, ile ya kwenye simu, kwa kampuni moja ya mji mkuu, Sofia: sungura mwenye koti, mtoto wa dubu, vitu hivyo. Kisha kampuni ikaleta programu ya akili mnemba. Wachoraji wakapunguzwa, yeye akabakizwa arekebishe yale inayoyakosea mashine. Kutwa anakaa kwenye meza yangu ya jikoni akiiandikia: ondoa hiki, geuza kichwa, koti libaki lile lile. Nayo inamfanyia, huku ikiharibu kingine ambacho haikuombwa. Kidole kinazidi. Jicho linageuka rangi. Anasahihisha, anaanza upya. Sijapata kuona mtu mwenye subira hivyo na kitu kisicho na masikio.

Basi majira ya baridi yaliyopita Dobri, muuza nyama wetu, ambaye ndiye kiongozi wa wacheza vinyago, wale wanaume wanaocheza kila Januari wamevaa manyoya na kengele kiunoni, alitaka bango jipya la kutangulia kundi kwenye tamasha la mjini. La zamani lilikuwa limeliwa na panya. Alitaka liwe la kitambaa cha pamba, si plastiki, na juu yake awepo mzee wetu wa kinyago mara tatu: akicheza, akigawa mkate, akimbeba mtoto. Ognyan akasema mke wake ataweza. Dobri akaja jikoni kwangu, kofia kichwani.

"Bibi harusi," akamwambia Ralitsa. Ralitsa ameishi kwetu miaka minane, na bado anamwita bibi harusi. "Kinyago chetu hakina pembe. Unalijua hilo?"

"Nalijua, mzee Dobri."

"Pembe ni za wale wa kijiji cha ng'ambo ya mto wetu. Babu yangu alipigana nao akavunjwa meno kwa ajili ya neno hilo. Ukinitia pembe kwenye bango, hata moja, hata ya mbuzi mchanga, wewe na mashine yako mtabaki hapa mkipika maharage. Na mumeo atavua kengele, nimpe mwingine."

"Maharage hapiki huyu," nikasema. "Napika mimi."

"Basi atayala, Bi Vasilka. Hiyo nayo ni adhabu."

Ognyan alicheka, lakini mkono ulimwenda kiunoni. Kengele zile zilikuwa za baba yake, marehemu mume wangu Stamen. Ognyan amezivaa tangu sauti yake ilipoanza kuwa nzito, na kila Januari anazibeba kiunoni mpaka ngozi inachubuka, wala halalamiki.

Kinyago cha Stamen kimetundikwa ukutani kwangu: uso wa mti, nusu mweusi nusu mwekundu, meno ya maharage meupe, manyoya ya mbuzi mpaka kiunoni. Sikuruhusu kishushwe. Ralitsa akitaka picha ya kuionyesha mashine, akipige hapo hapo kilipo. Akapanda kiti, akapiga.

Taabu ikaanza. Mashine ilimtoa mzee mzuri kweli, lakini ana pembe. Ralitsa akazifuta. Alipoiambia imnyanyue mguu, pembe zikarudi. Akazifuta. Alipompa mkate mkononi zikarudi tena, safari hii zimejikunja kama za kondoo dume.

"Ina nini hiyo?" nikamuuliza.

"Mama, imeshaona vinyago vya dunia nzima, na karibu vyote vina pembe. Inadhani sisi tumesahau kuziweka."

"Iambie hatujasahau."

"Nimeiambia mpaka nimechoka."

Siku ya kupeleka kazi kwa mchapaji wa mji wa Pernik ilipofika, mzee wa mkate alikuwa tayari, na wa mtoto pia. Wa kucheza ndiye aliyegoma. Ukimwondolea pembe, meno ya maharage yanageuka meno ya mtu. Ukirudisha maharage, pembe hizo. Ognyan alikuwa akizunguka jikoni kama mbwa aliyefungiwa.

"Si umchore tu kwa mkono," akamwambia.

"Hatafanana na wale wawili. Watu watasema ni wazee watatu, mmoja wa kuazima. Kaa chini, Ognyan, unanitia kizunguzungu."

Mchapaji akapiga simu kusema anafunga. Ralitsa akamwomba asubiri kidogo, akaiandikia mashine tena, akakikuza kile kichwa mpaka kikajaa kioo kizima. Akanivalisha miwani. Nikatazama kichwa chote, upande huu na upande ule. Hakuna pembe. Ognyan naye hakuona. Akatuma.

Asubuhi ya tamasha bango lilifunuliwa kwenye ukumbi wa kijiji. Nje basi lilikuwa limewashwa, kundi zima limeshavaa, kengele zinalia kila mtu akivuta pumzi. Dobri alivua kofia. Akasogea, akapapasa vichwa vyote vitatu kwa kidole.

"Safi," akasema. Rakia, pombe yetu kali ya matunda, ikaanza kuzunguka.

Mimi nilikuwa namtazama Ralitsa. Alikuwa amekuwa mweupe kama jibini. Hakuwa akitazama vichwa, macho yake yalikuwa chini. Nikayafuata. Nyuma ya mzee anayecheza kuna theluji, na juu ya theluji kimelala kivuli chake. Kivuli kina pembe. Mbili, ndefu.

Hakuna mwingine aliyeona. Nikamshika mkono nikambana: nyamaza. Nani atatazama kivuli, na rakia iko mkononi? Nilimbana hasa, na mkono wangu bado una nguvu. Akauchomoa.

"Mzee Dobri," akasema. "Tazama theluji."

Akatazama. Kengele zikanyamaza moja moja.

"Wale wa ng'ambo wamepitia mlango wa nyuma," mtu akatania kule mwisho.

"Ognyan," Dobri akasema, basi, jina tu. Mwanangu akashika kifungo cha mshipi wake wa kengele.

"Ngoja," Ralitsa akamwambia mumewe. "Chokaa ya kupaka miti iko wapi?"

Ilikuwa kwenye pipa chini ya ngazi. Akalitandaza bango sakafuni, akapiga magoti na sketi yake ya sherehe, akapaka theluji juu ya zile pembe. Aliyewahi kupaka mti anajua, chokaa mbichi haifuniki kitu. Pembe zilionekana vile vile, tena zimekolea.

"Zipo," Dobri akasema, amemsimamia.

"Zitaondoka."

"Naziona, bibi harusi."

"Ni mbichi, mzee Dobri. Na ukiipumulia hivyo haitakauka."

Wakalivuta bango karibu na jiko la kuni. Dereva akapiga honi. Dobri akamwonyesha kiganja, asubiri. Watu wazima wenye manyoya mpaka miguuni wakasimama wakitazama sakafu. Ncha ya pembe moja ikapauka, kisha yote ikaenda. Ya pili ilikaa. Ognyan hakutoa mkono kwenye kifungo. Ralitsa hakusimama. Ikakaa, ikakaa, halafu nilipopepesa macho palikuwa na theluji tupu, na kivuli chenye kichwa cha mviringo.

Dobri akachuchumaa, akagusa. Kidole kikatoka cheupe, akakifutia kwenye manyoya ya kifua chake.

"Ognyan, mbona umesimama? Kaza mshipi, tumechelewa."

Bango alilikunja mwenyewe, hakumpa mtu. Mlangoni akageuka.

"Bibi harusi. Mwakani uanze na theluji, kichwa baadaye."

Ralitsa akapanda basi magoti yote meupe.