Rawda, seli za figo na udi wa harusi

Saa mbili kasorobo asubuhi, Jumatano. Rawda Athman anasimama mlangoni mwa maabara ndogo mjini Kismayu, anavuta hewa puani, kisha anakunja uso.

"Umejipaka nini?"

"Manukato kidogo tu."

"Rudi ukaoge. Na shati ulibadilishe."

Mwandishi wa habari hii amerudi hotelini kuoga kwa amri. Hapa hapana mzaha. Ndani, kwenye kabati lenye joto la nyuzi thelathini na saba, zimo sahani sita za seli za figo la panya, na ndizo za mwisho. Zinapimwa kesho. Zikifa kabla, fedha zinakatwa, chumba kinafungwa mwisho wa mwezi, na Rawda, mwenye miaka thelathini na miwili, anarudi kupima malaria kwenye duka la dawa la watu.

"Damu ina taka iitwayo urea," anaeleza. "Figo haliitupi yote. Hubakiza kiasi, ilisaidie kuzuia maji yasipotee. Sasa kwenye utando wa seli mna protini, ni kama milango, urea hupita hapo. Nataka kujua inapita kiasi gani, na nini chaweza kuifunga milango hiyo."

Rawda alizaliwa kambini Mombasa, wazazi wake walikokimbilia wakati wa vita, akasomea maabara huko huko. Alihamia Kismayu miaka sita iliyopita.

"Mama amekulia kisiwani Kudhaa, akinywa maji ya kisima yenye chumvi," anasema kwa lahaja ya kwao, ambayo mtu ni 'mchu'. "Mchu wa Kudhaa figo lake halipumziki. Shangazi zangu wawili wa huko huko wamekufa kwa figo. Hakuna aliyetuambia kwa nini."

Kwa miezi saba seli zake zilikuwa zikifa, na kila mara ni Jumapili au Jumatatu. Mkuu wake, Zakir, alilaumu jenereta. Wakabadili mtungi wa gesi ya kabati, wakabadili maji, wakasugua kabati mpaka rangi ikabanduka. Sahani tisini zikaenda na maji.

Kisha Rawda akaenda kijijini Burgao kwenye matanga, akakaa siku kumi na mbili. Zakir akazilea seli peke yake, zikastawi. Rawda akarudi Alhamisi, Jumamosi akaingia kazini. Jumatatu zote zilikuwa zimekufa.

"Zakir alihesabu siku nilizokuwa Burgao," anakumbuka. "Nikajua ni mimi. Nililia chooni, maana hakuna mchu aosha mikono kunishinda."

Kumbe ni koti. Kila Alhamisi jioni nyumbani kwao nguo za Ijumaa hutandikwa juu ya chetezo, zikafukizwa udi. Koti jeupe la maabara nalo likafukizwa, tena kuliko nguo zote, kwa heshima ya kazi. Kila alipofungua kabati, harufu iliyokaa kitambaani iliingia. Wakajaribu kuweka kipande cha koti lile kando ya sahani moja. Haikumaliza siku mbili. Nani angemwonya? Vitabu alivyosomea viliandikwa na watu wasiofukiza makoti.

Sasa nyumba nzima haifukizi nguo za Rawda. Lakini leo baada ya alasiri mdogo wake wa pekee, Mwanapili, anafukizwa kwa ajili ya harusi, na kwao dada mkubwa ndiye ashikaye chetezo. Moshi ule ukishaingia kwenye nywele, hautoki kwa kuoga mara moja. Zakir yuko Mombasa kufuata gesi. Hakuna mwingine wa kupima kesho.

Adhuhuri mama yake, Mwanaasha, anafika. Haingii ndani.

"Vidudu hivyo huvioni hata kwa macho," anasema. "Mdogo wako wamwona. Mchu humwacha nduguye siku kama hii?"

"Nisamehe, mama. Nikija, zitakufa."

"Basi usije."

Anaondoka bila kuaga. Rawda anabaki ameshika kitasa, machozi yanamtoka, na hayafuti kwa sababu amevaa glavu. "Nimemuumiza," anasema. "Najua."

Mwanapili anafukizwa na jirani.

Alhamisi, saa nne asubuhi. Rawda amemwaga urea kwenye sahani zote sita. Tatu kati ya hizo alizitia kwanza dawa ya kufunga milango. Ameziosha, amezivunja seli, ametia dawa ya rangi, ambayo hukolea penye urea nyingi. Sahani tatu zinageuka rangi ya waridi iliyokolea. Zile tatu zenye dawa ya kufunga zimepauka. Milango ipo, na inafungika.

Anasoma namba mara nne. Anampigia Zakir: "Zimeishi." Anampigia mama yake, simu inaita mpaka inakatika. Bibi harusi ameshapanda boti asubuhi kwenda Burgao, kwa mumewe.

Majibu haya yamekiokoa chumba kwa sasa. Rawda amepanga kulirudia jaribio mara mbili kabla ya Idi, halafu aziweke seli kwenye maji yenye chumvi kama ya kisima cha Kudhaa, aone milango itafanya nini. Baada ya hapo ataenda Burgao kumwomba msamaha mdogo wake.

Na mama?

"Nitamleta hapa, nimweke kwenye darubini azione," anasema. "Ila itabidi aje bila udi, siku hiyo moja tu." Anaitazama tena simu. "Sijui kama atakubali."