Kikombe cha Maji Chini ya Boneti

Gari letu tulilirithi kwa baba mkwe, na umri wake unakaribia wangu. Msimu mzima wa mvua lilinifanya nionekane mwongo. Asubuhi nageuza ufunguo, injini inazunguka, inazunguka, haishiki. Saa sita mchana, jua limetoka, mtu mwingine akijaribu linawaka palepale. Na si kila siku. Linaweza kuwaka wiki nzima bila neno, halafu Jumatatu linagoma.

Tunakaa Rebero, Kigali. Nashona nguo kwenye kiwanda kimoja Masoro, na njiani namwacha mtoto kwa mama yangu, karibu na makutano ya Sonatubes. Gari likigoma namfunga mtoto mgongoni, natafuta basi, nachelewa. Nilishachelewa mara tatu. Msimamizi aliniita pembeni akaniambia kwa upole kwamba nikichelewa tena, mashine yangu atapewa mwingine. Afadhali angefoka.

Fundi aliitwa mara mbili, na mara zote mbili alifika mchana, mume wangu akitoka kazini kumpokea. Gari likawaka. Fundi akabadilisha betri, kisha plagi. Mara ya pili mume wangu alinipigia simu kazini, nikamsikia fundi anacheka nyuma yake.

"Mama Bebe, gari zima. Labda hukuweka gia kwenye P."

Kwenye P! Gari la otomatiki lisipokuwa kwenye P au N, injini hata haizunguki, na mimi nilishawaambia inazunguka. Hakuna aliyesikia. Jioni alinishauri niwe naamka mapema. Mimi ninayeamka saa kumi na moja kunyonyesha. Ningefungua mdomo ningesema mambo ya kuvunja ndoa.

Nikachukua daftari. Kila asubuhi niliandika: mvua au hakuna, baridi au joto, mafuta kiasi gani, limewaka au limegoma. Baada ya wiki tatu jibu lilionekana: linagoma siku zile mvua iliponyesha usiku. Fundi alipoambiwa alisema ni baridi, magari makuukuu ndivyo yalivyo. Nilikaribia kumwamini.

Kisha mume wangu akasafiri siku mbili kwenda kwao. Usiku mvua ikanyesha vibaya sana, barabara yetu ya udongo ikawa uji. Asubuhi gari lilikuwa limerushiwa matope na magari yanayopita, mpaka vioo, na baridi ilikuwa ileile. Nikageuza ufunguo bila matumaini. Likawaka.

Nilikaa pale, injini inanguruma, mtoto analia nyuma, nikijiuliza nini kilikosekana asubuhi ile. Kilichokosekana ni mume wangu na ndoo yake.

Kigali gari lenye matope linatia aibu. Mtu anaweza kukosa sukari nyumbani lakini hashuki mjini na gari chafu. Basi kila mvua ikinyesha, mume wangu huamka alfajiri kuosha gari kabla sijatoka. Nje, ndani, kisha anafungua boneti na kumwagia injini maji, kwa sababu baba yake alikuwa akifanya hivyo. Mimi huwa jikoni namlisha mtoto. Sikuwahi kufikiria kuandika kuosha kwenye daftari. Nani anaandika usafi kama tatizo?

Jumamosi, baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa, watu wakiwa wanarudisha majembe na mafagio, nilimwita fundi nyumbani. Akawasha gari, likawaka, akatabasamu.

"Mama, umeona? Gari yako iko muzima."

"Zima injini," nikamwambia.

Nikafungua boneti, nikachukua kikombe cha mtoto, nikamwagia maji injini taratibu mbele ya fundi na mume wangu, aliyekuwa amerudi safari. Jirani akauliza kama nimerogwa. Nikamwambia fundi awashe tena. Ikazunguka, ikazunguka, haikushika.

Fundi hakucheka. Alifungua kile kifuniko cha plastiki kinachogawa moto wa umeme kwenda kwenye plagi, akakigeuza kwenye mwanga. Kilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, na ndani matone. Akasema maji yakiingia pale moto unapotea, na jua likikausha unarudi. Ndiyo maana mchana lilikuwa zima.

Mume wangu alisimama na kitambaa mkononi.

"Nilitaka upite mjini bila aibu," alisema.

Nilijua ni kweli. Nilijua pia kwamba kwa wema huo ningepoteza kazi, na kwamba aliamini betri, plagi na baridi kabla ya kuniamini mimi. Nikamwambia hivyohivyo, fundi akisikia.

Kifuniko kipya kikafungwa. Jumatatu mvua ilikuwa imenyesha. Nilimkuta mume wangu nje na ndoo, milango inang'aa, boneti haijaguswa. Akaniuliza kama aifungue.

"Usiiguse," nikasema, nikawasha gari. Saa moja kasoro nilikuwa kwenye mashine yangu. Hasira bado ninayo, ila sasa inakwenda kazini mapema.