Nilivyomnyonyesha Mtoto wa Wenyewe

Mtoto wangu wa kwanza aliishi siku nne. Alikuwa mvulana, na kwa desturi yetu alikuwa na jina tayari, la baba wa mume wangu. Pumzi yake ilikuwa fupi tangu mwanzo, na asubuhi ya siku ya nne ikaisha. Sista wa wadi alinipa habari akiwa amesimama wima kama mtu anayesoma tangazo, kisha akaketi kitandani kwangu, jambo ambalo yeye mwenyewe alikuwa amewakataza wageni.

Uhuru ulikuwa haujafikisha miaka kumi. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mmoja, nimelazwa mjini Nyeri, na mshono wangu wa upasuaji ulikuwa umeingia usaha, kwa hivyo sikuruhusiwa kwenda kuzika. Mume wangu alikuja na ndugu yake, wakamfunga mtoto katika blanketi nililomnunulia, wakaenda naye nyumbani Othaya. Kabla ya kuondoka alinipa mkono. Tulikuwa mke na mume wa kanisani, na tukaagana kama watu waliomaliza mkutano.

Kesho yake maziwa yakaja. Mwili wangu haukuwa umepata habari. Sista alinifunga kifua kwa kitambaa, akasema yatakauka yenyewe. Hayakukauka. Yalilowesha kitambaa, gauni na shuka, nami nikalala pale nikinuka kama ndama.

Mchungaji aliyekuwa akizungukia wagonjwa alinieleza kwamba Mungu alikuwa amechuma ua katika bustani yake. Nikamwuliza kama hakuwa na maua mengine. Akasema ataniombea, kisha akasogea kitanda kilichofuata, kwa mama wa mapacha, ambaye alikuwa rahisi zaidi kuombewa. Mimi nikaacha kuomba. Sikumtangazia mtu. Niliacha tu, jinsi mtu anavyoacha sukari.

Siku ya pili yake sista akarudi.

"Mama, hayo maziwa bado yako?"

"Yako."

"Kuna mtoto chumba cha mwisho. Mama yake ako na homa mbaya, hawezi kunyonyesha. Maziwa ya mkebe anatapika yote."

"Mtoto wa nani?"

"Wa yule Muhindi wa duka la vitambaa."

"Na wamekubali?"

"Nyanya yake ndiye amenituma. Wale wengine hajawauliza."

Nikasema hapana. Sista akasema sawa, akaanza kwenda. Hapo nikamsikia mtoto akilia mwisho wa baraza, sauti nyembamba ya mtu aliyekwisha kukata tamaa, na maziwa yakaanza kutiririka bila kunishauri. Nilimwita sista kabla hajafika mlangoni.

Nyanya alimleta mwenyewe. Alikuwa mwanamke mwembamba, amevaa sari nyeupe ya wajane, na miwani yake ilikuwa imefungwa kwa uzi. Alinikagua macho, meno na kucha, jinsi watu wanavyokagua ng'ombe sokoni, kisha akaniwekea mtoto mikononi. Alikuwa msichana. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, lakini alinishika kwa nguvu hivi kwamba sikupata nafasi. Mwanangu hakuwa na nguvu hizo. Nililia muda wote aliponyonya, naye hakujali. Alipomaliza akacheua, na nikasikia mtu akisema, "Asante." Nilikuwa mimi. Sijui nilikuwa namwambia nani. Mtoto hakustahili kushukuriwa. Yeye ndiye aliyekuwa amekula.

Tangu siku hiyo nyanya alikuja na mkebe wa dengu na chapati zilizopakwa samli.

"Kula."

"Nimeshiba, mama."

"Wewe nashiba. Toto hapana shiba. Kula."

Nilikula. Kila mara kabla ya kumnyonyesha, nyanya alifumba macho, akaunganisha viganja na kunong'ona kwa lugha yao. Siku ya tatu nilimwuliza anamwombea nani.

"Toto yangu. Na toto yako."

"Wangu alikufa."

"Mimi najua. Iko sababu naomba." Akanitazama juu ya miwani. "Wewe nakasirikia Mungu?"

"Ndiyo."

"Mimi pia." Akainua vidole vitatu. "Mimi nazika tatu. Miaka mingi nakasirika. Nakasirika, naambia yeye asante, nakasirika tena. Yeye nasikia tu."

Mchungaji hakuwa amenifundisha kwamba mambo hayo yanaweza kufanywa siku moja. Jioni ile nilijaribu. Sala zangu za wakati huo zisingefaa kusomwa kanisani, lakini tulikuwa tunaongea tena, mimi na Mungu, kama mke na mume waliokosana. Nilimwambia alichonifanyia. Nilimwambia pia kwamba mtoto ameongeza uzito, na kwamba kwa hilo nashukuru, ila asije akadhani yameisha.

Siku ya kumi na mbili mama wa mtoto akapata nafuu, wakaniaga. Nyanya aliniwekea mkono kichwani, akautuliza hapo kwa muda. Mtoto alikuwa amelala, na hakunitazama. Sista alinifunga kifua tena, na safari hii maziwa yakakauka.

Mume wangu aliponifikisha nyumbani nilimwomba anionyeshe kaburi. Lilikuwa chini ya shamba la kahawa, dogo sana.

"Nani aliomba?" nikamwuliza.

"Mchungaji hakuja. Mtoto alikuwa hajabatizwa. Ndugu yangu akasema mimi ndiye baba, niombe."

"Ukaomba nini?"

"Ile niliyokumbuka. Ile ya shuleni, ya kabla ya kula."

"Ya kushukuru kwa chakula?"

"Ndiyo. Nilipofika pale pa kuwabariki waliokipika nikagundua. Lakini nilikuwa nimeshaanza."

Nilicheka mpaka mshono ukaniuma. Alishtuka, kisha naye akacheka, kisha akalia, na sikuwa nimewahi kumwona akilia. Ndipo nikamwambia kuhusu yule msichana, jambo nililokuwa nimemficha.

"Alikuwa anashiba?" akauliza.

"Alikuwa anashiba."

"Basi ni vizuri."

Jumapili iliyofuata tulienda kanisani. Wenye shukrani walipoombwa kusimama, nilisimama. Nikasema nashukuru kwamba nilipewa maziwa. Watu wote walijua nimezika, kwa hivyo hakuna aliyejua la kufanya. Akina mama wakaanzisha wimbo.

Tulizaa wengine wanne, na mvulana wa kwanza kati yao akachukua jina la babu yake, kama ilivyopasa. Mtu akiniuliza niko na watoto wangapi, nasema watano. Akihesabu wanne uani, namwacha ahesabu tena.