Mkutano Nilioambiwa Ninyamaze

Mjukuu wangu alisomea lugha Bujumbura, kwenye iniversite. Si kujifunza kuongea, hapana, kuongea alianza kabla ya kutembea. Alisomea namna watu wanavyoongea: nani anaanza, nani anakatiza, nani ananyamaza na kwa nini. Aliponieleza nilicheka mpaka nikashika ukuta. Lakini diploma yake iko ukutani kwangu, si kwa mama yake, na kila mgeni namwonyesha kabla hajapata kiti.

Mwaka jana sisi wanawake tunaoanika ndagala, hao dagaa wa ziwani, hapa Rumonge tulimchagua awe prezida wa chama chetu. Wanunuzi walikuwa wamechoka kutafuna mchanga ndani ya samaki, basi chama kikajenga vichanja vya waya, vinafika kifuani. Mjukuu wangu akaita mkutano, akaeleza vizuri kabisa, akauliza kama tumekubali. Tukakubali. Asubuhi yake kila mmoja akamwaga ndagala zake mchangani, palepale pa zamani. Vichanja vikabaki vya kunguru. Mkutano wa pili ukawa vilevile. Wenzangu wakaanza kunong'ona kwamba huyu binti ana maneno mazuri ila kuongoza hajui, tutafute prezida mwingine. Mimi niliyasikia.

Jioni moja nikamkuta nyuma ya nyumba anasikiliza sauti yake kwenye telefone. Mkutano aliurekodi, na ruhusa alituomba.

"Unajipenda hivyo?" nikamwambia.

"Bibi, kaa. Hapa mimi nauliza. Sikiliza nani anajibu."

Ikatoka sauti ya mwanamke, kali kama ya mtu anayefukuza mbuzi: Wamekubali! Endelea!

"Nani huyo anayepiga kelele?"

"Ni wewe, Bibi."

Akanisikilizisha pengine, na pengine. Kila alipouliza, niliingia mimi, watu hawajavuta hata pumzi.

"Nilikuwa nakusaidia!"

"Najua. Lakini wengi wao wewe ndiye uliyewafundisha kuanika. Ukisema wamekubali, nani atasimama aseme hapana? Na mimi nikipata jibu lako nakimbilia neno lingine. Ule haukuwa mkutano wao, ulikuwa wetu mimi na wewe."

"Sasa nikae nyumbani?"

"Uje, ukae nyuma. Usiseme kitu mpaka nikuulize."

Kesho yake sikumpikia, alijipikia mwenyewe.

Siku ya mkutano nilienda na kipande cha muwa, ili mdomo upate kazi. Safari hii hakuuliza kama tumekubali. Alisalimia, akauliza: "Mchangani kuna nini ambacho kwenye kichanja hakuna?" Kisha akanyamaza. Tukasikia injini ya mtumbwi inapita mbali, tukasikia mtu anakohoa, na yeye bado amenyamaza, anatutazama tu bila kununa. Mimi nilitafuna mpaka taya zikauma.

Jirani yangu wa mchangani, mjane mmoja aliyetoka Uvira zamani, akageuka kunitafuta.

"Jamani, huyu mama leo amekufa?"

"Iko hai!" mtu akajibu. "Iko inakula muwa!"

Wakacheka, na katika kicheko hicho mjane akasimama.

"Prezida, amahoro. Mimi mchangani mahali pangu napajua, mama-mkwe wangu aliniachia. Kichanja ni cha nani? Atakayefika wa kwanza atachukua upande wa jua. Mimi na miguu hii nitapata kivuli, ndagala zioze, halafu tutukanane."

"Ehee!" wakaitikia, mpaka wale wa nyuma.

Zamani mjukuu wangu angeanza kumweleza. Safari hii aliyarudia maneno ya mjane jinsi alivyoyasikia, akauliza, "Nimekuelewa, mama?" Mjane akasema umenielewa. "Nani mwingine ana neno?" Hapo wakanyang'anyana maneno. Mmoja mfupi akasema yeye hata samaki wake hatawaona huko juu. Mwingine akamwambia apande matofali. Mwisho wakapanga wao wenyewe: waliopakana mchangani wapakane kichanjani, kwa mpangilio uleule.

"Na wewe, Bibi?" mjukuu wangu akauliza. Vichwa vyote vikageuka. Nilikuwa na hotuba, niliiandaa vizuri. Nikatema makapi ya muwa.

"Mimi nataka pembeni ya huyu mjane, nimchunge."

"Unichunge mimi? Wewe mwizi wa jua!"

Asubuhi ndagala zilipanda vichanjani, za mjane na za kwangu, na mfupi juu ya matofali yake. Kunguru wakahamia kwenye mapaa. Habari ya prezida mwingine sijaisikia tena, na mimi siku hizi, kwa kuwa sisemi sana, nasikia mengi.