Taa ya Tatu

Haya yalinifika mimi mwenyewe, mtaani Magongo, mwaka mmoja kabla ya uhuru, na wallahi siongezi neno. Nilikuwa fundi wa umeme, kijana mwenye kujiona.

Nilitengeneza mkeka wa taa: vipande vya bati chini yake, nyaya, balbu saba na betri ya gari. Mchezaji akikanyaga, taa huwaka. Jirani yangu Mwanamisi, hodari wa ngoma za harusi, ndiye aliyenijaribia, mbele ya mamake. Siku ya kwanza alicheka.

"Kaka fundi, taa yako haina adabu. Inaitangulia ngoma."

Akanionyesha kwa mguu: ya tatu ingoje kidogo, mpaka ngoma iite. Nikatia springi chini ya bati la tatu, na kweli, taa zikawa kama zinacheza naye.

Tukaupeleka harusini Jomvu Kuu. Babake bibi harusi akauliza ni nani aliyeifikiria ile taa ya kungoja. Nikajibu, "Ni mimi."

Mwanamisi alikuwa mlangoni. Alivuta buibui lake akaondoka. Nikajiambia nitamtaka radhi kesho, kesho kutwa. Mwezi haukwisha, homa ikamchukua.

Makaburini imamu aliuliza kama kuna anayemdai marehemu. Nani angeuliza marehemu anamdai nani?

Siku ya saba, baada ya alasiri, nilikuwa bandani naufungua mkeka ule. Betri nilikwisha iondoa, niamini. Nyaya nilizishika mkononi. Taa ya kwanza ikawaka. Ya pili. Kisha kimya, na katika kimya kile mkeka ukabonyea kwa unyayo, mtu hayupo. Ya tatu ikawaka. Sauti niijuayo ikasema karibu na sikio langu, "Ni nani aliyeifikiria?"

Nilitaka kusema ni yeye. Badala yake nikazitupa nyaya.

Nikakimbilia kwa mamake, nikamweleza yote. Alilia, kisha akasema kwa upole, "Mimi nimekuwia radhi, mwanangu. Ya kwake kamtake mwenyewe."

Mola amenipa umri, alhamdulillahi, na nyumba nyingi nimezitia umeme. Kila nyumba, taa ya tatu huchelewa. Wenyewe huniita niitazame. Huwaambia haina ubovu, nikaenda zangu kumwombea Mwanamisi dua. Nawe, kama umechukua la mtu, mwendee leo, angali anaweza kukujibu.