Alama Kama Chapati Iliyoumwa

Kama simu yako imewahi kupokea ile video ya mwanamke anayetapikiwa na ngamia hapa Bulla Pesa, Isiolo, huku watu wakipiga makofi, basi usihangaike kuuliza ni nani, ni mimi, Kendi wa blogu, na nimeamua kuisimulia mwenyewe kwa sababu wengine wote wanaoisimulia wanaongeza chumvi, na chumvi iliyomo inatosha kabisa.

Hiyo blogu niliianzisha kwa hasira. Kila nikisoma habari za Isiolo naambiwa ng'ombe wameibwa au mvua imekosa, halafu kimya mpaka ng'ombe wengine waibwe, na mimi nimezaliwa hapa hapa (baba yangu Mmeru alikuja kuuza miraa akasahau kurudi), najua kuna harusi, kuna mechi za vijana kule Wabera, kuna akina mama wanaoamka kabla ya jua kuuza maziwa, sasa nani anaandika hayo? Basi nikaandika mimi, kwenye kompyuta ya duka langu la kutoa kopi, kati ya mteja na mteja, nikaiita Bulla Yetu. Wasomaji wangu kwa muda mrefu walikuwa dada yangu aliyeolewa Maua, na mtu mwingine mmoja ambaye nashuku ni mimi mwenyewe kwa ile simu nyingine. Lakini sikuacha, mimi nikishika jambo nimeshika, muulize mwanaume aliyewahi kunichumbia.

Asubuhi moja nafungua mlango wa chumba changu nakuta ngamia. Hakuna mchungaji, hakuna mtu, ngamia peke yake ndani ya ploti anakula mwarobaini wa mwenye nyumba wangu, Mama Halima, mjane wa Kiborana ambaye huo mwarobaini anaupenda kuliko wapangaji wake wote. Nilidhani atampiga fimbo. Badala yake alimzunguka polepole, akamtazama huku na huku, akamfunga kamba kwenye mti.

"Huyu amepotea," akasema. "Kendi, si wewe uko na hiyo kitu yako ya habari? Andika kuna ngamia hapa. Lakini usiseme mingi."

Halafu akaenda zake sokoni.

Usiseme mingi! Mimi? Mwandishi? Nilisimama pale nikajiuliza hiyo itakuwa habari ya namna gani, "kuna ngamia", mji wenyewe ni wa ngamia, ni kama kwenda Meru uandike kuna ndizi. Hapana, mimi nitafanya kazi ya maana. Nikapiga picha nzuri ya upande wa kushoto (upande wa kulia nilijaribu, akainua mguu wa nyuma kidogo tu, kwa adabu, nikaamua upande mmoja unatosha). Nikaandika kila kitu: ni jike, rangi ya mchanga, sikio la kushoto limekatwa ncha, na kwenye paja la kushoto ana alama ya moto, mistari miwili na duara ambalo halijafungwa, "kama chapati iliyoumwa". Hiyo ya chapati niliipenda sana. Niliisoma kwa sauti mara kadhaa.

Jamani, blogu ikawaka moto. Watu wakatuma kwa watu, nikaona mtu wa Kulamawe amesoma, mtu wa Marsabit, mtu wa Nairobi anaandika "kazi nzuri dadangu", na mimi nipo dukani nimekunja nne, najiona mwenye gazeti, hata mteja wa kopi nilimwambia angoje.

Wa kwanza kuja alikuwa mwanaume mrefu mwenye kikoi na kofia nyeupe. Akanikuta kwenye ploti, akasalimia vizuri.

"Salaam aleikum, dada. Hiyo ngamia ni yangu."

"Aleikum salaam. Ana alama gani?"

"Sikio ya kushoto imekatwa. Na kwa mguu iko na mistari mbili na mviringo, kama chapati imeumwa."

Nikafurahi mpaka nikataka kumkumbatia. Nikaanza kufungua ile kamba, na kamba ya Mama Halima haifunguki hivi hivi, na nashukuru, kwa sababu kabla fundo halijalegea akaingia mwingine kwa boda.

"Hiyo ngamia ni yangu. Iko na alama kama chapati imeumwa."

Wa tatu akaja na lori kabisa, lori la kubeba mifugo, limesimama barabarani na injini inanguruma. Naye chapati. Wa nne chapati. Walikuja mpaka ploti ikajaa, wengine wana fimbo, na kila mmoja akifungua mdomo ni chapati yangu inatoka, neno kwa neno. Hapo ndipo nilipoanza kutokwa jasho, maana mtu aliyemchoma ngamia wake moto kwa mkono wake, alama ya babu yake, ataitaje chapati? Chapati niliileta mimi.

Mama Halima akarudi kutoka sokoni. Akasimama langoni, akanitazama, akatazama lori.

"Umeandika nini?"

Nikamsomea. Alifumba macho.

"Kendi. Mnyama akipotea, aliyeona anaficha alama. Mwenyewe ndiye anakuja kuitaja. Hata mtoto ya Borana anajua. Wewe umewapa mtihani pamoja na majibu."

Niliona aibu mpaka nikahisi masikio yanachemka. Miaka yote hii naishi hapa, nakunywa maziwa ya ngamia kwenye chai, naandika blogu ya jamii, na jambo ambalo mtoto analijua silijui. Na wale wanaume sasa walikuwa wanasukumana. Wa kofia alimwita wa lori mwizi, wa lori akainua fimbo, mtu akasema chinichini neno la kutukana kabila la mwenzake, na nyinyi wa huku mnajua neno kama hilo likishatoka kinachofuata si mchezo tena.

Katikati ya hiyo fujo akaingia mwanamke mzee, mwembamba, amebeba dumu la maziwa tupu. Tulimjua wengi, ni Akko Dima (akko ni bibi), huwauzia maziwa watu wa sokoni. Hana simu ya picha. Alikuwa ametafuta tangu jana kwa miguu mpaka wateja wake wakamwambia kuna ngamia kwa Mama Halima.

"Ni yangu," akasema. "Kiangazi ilichukua zingine zote, imebaki hii. Mtoto yake inalia nyumbani tangu jana."

"Taja alama!" wakapiga kelele.

Akaitaja, lakini kwa jina la ukoo wake, bila chapati. Nikasema Mungu asante, nimempata. Lakini wa lori akacheka, "Hiyo ukoo hata mimi ni yangu," na wengine wakasema huyu bibi amesomewa tu blogu, na Akko Dima akatuangalia mmoja mmoja. Nilitamani ardhi inimeze. Nikajua akiondoka bila huyo ngamia, ni mimi niliyemnyang'anya, kwa picha yangu nzuri.

Sasa, mimi ni mwoga wa ngamia lakini si mtu wa kukimbia kazi niliyoiharibu. Nikapanda juu ya karai la kufulia la Mama Halima, nikalipindua kwanza, nikapaza sauti ile ya kuita wadeni wa kopi.

"Nyamazeni! Picha yangu ni ya upande wa kushoto. Mwenye ngamia aniambie upande wa kulia kuna nini!"

Hata injini ya lori niliisikia vizuri sasa.

Wa kofia akajaribu. "Kuna... alama ingine."

"Ya nini?"

"Kama chapati."

Watu wakaangua kicheko. Wa boda akasema kovu la fisi. Wa lori akasema hakuna kitu, ngozi tupu. Akko Dima hakufikiri hata kidogo.

"Matiti mbili ya kulia nimefunga na kitambaa, mtoto isimalize maziwa. Nilirarua leso yangu ya njano."

"Aangaliwe!" watu wakasema. Nikamgeukia Mama Halima, mwenye kujua ngamia. Akakunja mikono. "Wewe ndiye ulitangaza. Nenda uangalie."

Nikaenda. Simu zote za Bulla Pesa ziko juu zinarekodi. Nikamzunguka kwa mbali, nikainama, sioni, nikasogea, nikapiga magoti kwenye vumbi na sketi yangu ya kazi, na nikaiona: leso ya njano yenye maua mekundu, imefungwa vizuri kabisa. Nikapiga kelele, "Ipo! Ya njano! Ipo!" Kelele hiyo ngamia hakuipenda. Akageuza shingo, taratibu, akanitazama usoni, akanimwagia mwarobaini wote aliokula tangu asubuhi, kuanzia kwenye nywele kushuka.

Ndiyo hiyo video. Makofi mnayoyasikia ni ya Akko Dima kupewa kamba, si yangu, ingawa nimeacha kueleza.

Jioni nikiwa nimeoga mara ya tatu na bado nanuka, nilimuuliza Mama Halima kama alikuwa ameona ile leso.

"Tangu asubuhi."

"Sasa kwa nini ulinyamaza watu wakitaka kuuana?"

"Mimi nikiuliza, watasema napendelea Mborana mwenzangu. Wewe Mmeru, na ngamia huijui hata kidogo, umeonyesha watu wote. Nani atasema umependelea?" Akanisukumia kikombe cha chai. "Nilikuwa nangoja uulize. Umechelewa, lakini umeuliza."

Sijafunga blogu, na sitafunga, hata watoto wa njiani wakiniita Mama Chapati. Ila nimeapa sitaandika tena kila ninachokijua. Juzi punda aliingia kwenye uwanja wa mechi kule Wabera, nikakaa kwenye kompyuta vidole vinaniwasha, maana huyo punda alikuwa na mambo ya kusimulia, nawaambieni. Nikaandika: "Kuna punda Wabera. Mwenyewe aje aseme." Msomaji mmoja akauliza picha iko wapi, mwingine akasema blogu imeshuka kiwango. Mchana akaja mzee mmoja, peke yake, akanieleza punda wake kuanzia kwato mpaka masikio, na hakuna hata neno moja lililokuwa langu.