Sala ya Macho Wazi

Katika kambi ya wakimbizi Tanzania, nilikokulia, aliyefumba macho sana kanisani alirudi nyumbani peku. Viatu tuliviacha mlangoni, na wezi walisubiri tu kusikia "Tuombe." Ndiyo maana mpaka leo naomba macho wazi, nami namwamini Mungu kuliko wengi wanaofumba.

Tuliporudi kwetu Rumonge nikawa kipa wa timu ya vijana wa kanisa letu. Kabla ya mechi tulishikana mikono katikati ya uwanja, na nahodha, mtoto wa mchungaji kutoka Kongo, akaongoza sala. Siku tulipofungwa nyumbani na timu dhaifu ya Muhuta, alitusimamisha palepale mbele ya mashabiki. Mama yangu alikuwa kati yao na beseni lake la ndagala, dagaa aliowauza sokoni.

"Bandugu, kuko mutu hapa anaombaka macho wazi," alisema, akininyooshea kidole. "Huyu iko na dawa yake. Ndiyo maana Mungu ametuacha."

Mabao yote yalitokana na yeye nahodha mwenyewe. Alipokonywa mpira akiremba. Hakuna aliyenitetea. Nilivuliwa glavu, akapewa binamu yake. Sokoni wanawake wa kanisa wakaanza kulipita beseni la mama kama lina ugonjwa. Hilo ndilo lililonikaa kooni.

"Mwanangu, kisasi ni cha Bwana," mama aliniambia.

"Basi Bwana anitumie mimi."

Alinitazama, akaendelea kuanua ndagala wake.

Nikahamia timu ya Gatete. Sitasema nilienda kwa kupenda mpira. Kila nilipodaka mazoezini niliuona uso wake, na sala yangu ilikuwa moja tu: Mungu, niletee yule mtu, umweke mbele yangu, na watu wote wawepo. Nilijua si sala nzuri. Niliiomba hivyohivyo.

Akaletwa. Tulikutana nao nusu fainali, palepale Rumonge, kanisa zima limejaa uwanjani. Tulikuwa mbele kwa bao moja, mechi inakaribia kwisha, wakapata penalti. Nahodha akauweka mpira. Kama kawaida yake akapiga goti, akafumba macho, midomo ikacheza. Wenzake nao wakafumba.

Miaka yote aliyoomba hivyo kabla ya penalti, timu nzima ilifumba macho pamoja naye, isipokuwa mimi. Kwa hiyo nilijua mimi peke yangu kwamba akishasema "Amina" jicho lake kwanza huangukia kona atakayopiga, ndipo humtazama kipa.

Amina. Jicho likaenda kushoto kwangu, chini.

Nikaruka hukohuko, mpira ukanijaa kifuani. Utamu ule, wacha niseme kweli, sijauonja tena, hata siku ya harusi yangu.

Filimbi ya mwisho ilipolia alikuwa amekaa chini palepale kwenye penalti. Nikamwendea, nikapiga magoti mbele yake, nikaomba kwa sauti ya kumfikia mama pale alipokaa, huku nimemkodolea macho. Nilimshukuru Mungu kwa glavu zangu. Nikaliombea beseni la ndagala, na kila aliyelipita.

"Ndugu yangu, unisamehe," alinong'ona.

"Sema kwa nguvu, kama siku ile."

Alifumba macho, machozi yakimtoka, akangoja nimalize. Sikuwa na haraka ya kusema Amina.